Kugawa maneno marefu ya Kiingereza: tufuate silabi au tufuate maana?

Mwalimu_Uyui aliandika:

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Ninafundisha Kiingereza kidato cha kwanza katika shule ya sekondari ya kata wilayani Uyui, mkoani Tabora. Wanafunzi wangu karibu wote wametoka shule za msingi za serikali, ambako walisoma masomo yao kwa Kiswahili, na sasa wanakabidhiwa vitabu vya Biolojia na Jiografia vilivyojaa maneno kama "photosynthesis", "deforestation" na "monocotyledonous". Neno likirefuka kidogo tu, mtoto ama hulinyamazia, ama hulisoma kwa mtindo aliojifunzia kusoma darasa la kwanza, yaani kwa kuipa kila konsonanti irabu yake. Juzi mmoja alisimama akasoma "deforestation" hivi: de-fo-re-sta-ti-o-ni. Hakuna aliyecheka, kwa sababu wengi wao wangesoma vivyo hivyo.

Nimeona dawa ni kuwafundisha kuyagawa maneno hayo, lakini hapo ndipo mimi na mwenzangu wa idara tulipotofautiana. Yeye anashikilia kwamba neno ligawanywe kwa silabi kama linavyotamkwa, na kwa hiyo "teacher" ni tea-cher. Mimi ninashikilia kwamba ligawanywe kwa sehemu zenye maana, kwa hiyo ni teach na -er, maana "teach" ni kufundisha na hiyo -er ndiyo inayomtaja mtendaji. Wanafunzi wameona ubaoni migawanyo miwili ya neno moja, na jambo la kwanza walilouliza ni upi utakaopewa alama. Tena yapo maneno yanayotushinda sote wawili. Kwa mfano "helicopter": kila mtu anaona heli na copter, lakini nikitafuta maana ya vipande hivyo siipati. Ninaomba mwenye uzoefu anieleze kama upo utaratibu wa kufuata, na kama upo, nianzie wapi.

Mstaafu_Kasulu alijibu:

Marahaba, mwalimu. Nimefundisha Kiswahili na Kiingereza sekondari hapa Kigoma mpaka nikastaafu, na ugomvi wenu huo ninaufahamu vizuri. Wewe na mwenzako mko sahihi nyote wawili, ila mnajibu maswali mawili tofauti. Silabi ni kipande cha sauti, na sehemu yenye maana, ambayo katika somo la Kiswahili tunaiita mofimu, ni kipande cha maana. Hakuna sheria inayovitaka vipande hivyo viwili viishie mahali pamoja.

Jambo ambalo walimu wengi wa Kiingereza hawalitumii ni kwamba mwanafunzi tayari analo somo hili katika lugha yake. Mwandikie ubaoni neno "anapika". Kwa silabi ni a-na-pi-ka, kwa mofimu ni a-na-pik-a. Kisha mwandikie "hawatatupikia": kwa silabi ni ha-wa-ta-tu-pi-ki-a, kwa mofimu ni ha-wa-ta-tu-pik-i-a. Viambishi vya mbele vimekubaliana na silabi moja baada ya nyingine, lakini tukifika kwenye mzizi mambo yanaachana, kwa sababu mzizi wa kitenzi chetu, kama pik-, som- au andik-, huishia kwa konsonanti, ilhali silabi ya Kiswahili hupenda kuishia kwa irabu. Sasa weka kando yake neno lenu la ugomvi: tea-cher na teach-er. Ni jambo lilelile la pi-ka na pik-a. Mtoto akishaliona hilo katika "anapika", hutahitaji kumshawishi kwamba neno moja laweza kukatwa mahali pawili bila mgawanyo wowote kuwa kosa. Kuhusu alama, swali lenyewe liseme wazi: "gawa kwa silabi" au "gawa kwa maana". Swali linalosema "gawa neno hili" na kuishia hapo halijakamilika, na mwanafunzi asiadhibiwe kwa upungufu wa mtungaji.

Kuhusu "helicopter", neno hilo lilitoka katika Kigiriki kwa kupitia Kifaransa, na vipande vyake vya asili ni helico-, kitu kilichojisokota kama parafujo, na pter, bawa. Umesema heli na copter hazina maana, na ni kweli, kwa sababu si hapo lilipoungwa. Lakini Mwingereza hawezi kuanza silabi kwa sauti p na t zikifuatana, kwa hiyo ulimi wake ulilikata he-li-cop-ter, na baadaye watu wakaamini kwamba heli ni kipande kamili, wakaunda "heliport", uwanja wa helikopta. Tusiwacheke, maana nasi tulifanya hivyohivyo kwa "kitabu". Neno hilo ni la Kiarabu, na k yake ni ya mzizi wa kuandika, si kiambishi hata kidogo. Lakini lilipoingia kwetu likaonekana limevaa ki- kama kiti na kisu, tukalipa wingi wa "vitabu", na leo hakuna anayeona ajabu. Hata "kipilefti" ya barabarani, iliyotokana na amri ya Kiingereza ya kupita kushoto, ina wingi wake wa "vipilefti". Nakushauri umwambie mwanafunzi kwamba mkato wa asili na mkato wa watumiaji wa leo si lazima ulingane.

Uliuliza uanzie wapi. Ushauri wangu, na wapo watakaonipinga, ni kuanza na maana kisha kwenda kwenye silabi. Wengi hufanya kinyume wakidhani sauti ni rahisi zaidi. Lakini tahajia ya Kiingereza si kama yetu. Herufi zilezile husomwa kwa namna tofauti kulingana na mahali vipande vya maana vinapokutana. Tazama "reach" na "react". Herufi nne za mwanzo ni zilezile, lakini la kwanza lina silabi moja na la pili lina mbili, na sababu ni kwamba la pili limeungwa kwa re- na "act", kwa hiyo e na a haziruhusiwi kuyeyuka pamoja. Tazama "mishap": mwanafunzi aliyekwisha kufundishwa kwamba s na h pamoja hutoa sauti sh atasoma "mi-shap", kumbe neno ni mis- na "hap", na kila herufi inasimama na sauti yake. Tazama na "uphill", ambamo p na h hazitoi sauti f, tofauti na "photo". Asiyeona maungio ya maana hana njia ya kujua hayo kwa kutazama herufi peke yake.

Neno la mwanafunzi wako liendeshwe hivyohivyo. Aanze kutafuta ndani ya "deforestation" kipande anachokijua, naye atakipata "forest", maana msitu anaujua na miombo iko nyuma ya shule. Mbele yake kuna de-, kiambishi cha kuondoa. Nyuma yake kuna -ation, kinachogeuza tendo kuwa jina la tendo. Kwa hiyo ni kuondoa msitu, na hapo ukiwataja wakulima wanaokata kuni za mabani ya kukaushia tumbaku, hakuna mtoto wa Tabora atakayebaki nyuma. Hapo ndipo mgeukie silabi, na sasa zitakuwa tano, de-for-est-a-tion, si saba kama alivyosoma yeye.

Nyongeza moja kabla sijasahau. Wataudhika kwa kuona kiambishi kimoja kina sura nyingi: "incorrect" lakini "impossible", "illegal" na "irregular". Warudishe tena nyumbani. Sisi husema nyumba nzuri lakini nyumba mbaya. N hiyohiyo imekuwa m kwa sababu imekutana na b. Ulimi mmoja, ndimi mbili. L imegeuka d. Kinywa cha binadamu hutafuta njia nyepesi katika kila lugha, na in- inakuwa im- mbele ya p, b na m kwa sababu hiyohiyo. Nimeona darasa zima likikariri orodha ya maneno ya im- na il- kana kwamba ni majina ya wafalme, wakati mfano mmoja wa nyumba mbaya ungetosha.

Mkufunzi_Afya_Tabora aliandika:

Naunga mkono hoja ya mzee wetu wa Kasulu ya kuanza na maana. Ninafundisha wanafunzi wa fani za afya hapa Tabora mjini, na kwetu jambo hili si la mtihani wa lugha tu. "Hypertension" na "hypotension" zinatofautiana kwa silabi moja fupi, lakini ya kwanza ni shinikizo la damu lililopanda na ya pili ni lililoshuka, na atakayezichanganya kwenye faili la mgonjwa ameandika kinyume cha alichokipima. Mwanafunzi anayejua kwamba hyper- ni kuzidi na hypo- ni kupungua au kuwa chini hawezi kuzichanganya, hata akiyaandika kwa haraka.

Uzuri wa maneno ya tiba ni kwamba vipande vyake ni vichache na vinarudiwarudiwa. Kipande -itis kinataja uvimbe wenye joto na maumivu wa sehemu fulani ya mwili: hepat- ni ini, kwa hiyo "hepatitis", gastr- ni tumbo la chakula, kwa hiyo "gastritis". Vipande vinavyowasumbua zaidi ni vitatu vinavyofanana kwa sauti. Mwisho -ectomy ni kukata na kukiondoa kiungo, -otomy ni kupasua ili kufungua, na -ostomy ni kutengeneza tundu la kupitishia kitu. Ninawaambia watulie kwenye herufi inayotangulia t, kwa kuwa hapo ndipo upasuaji mmoja unapotofautiana na mwingine. Kwa kidato cha kwanza, mwalimu, unaweza kuchukua "erythrocyte" na "leucocyte" za somo la Biolojia: -cyte ni seli, erythro- ni nyekundu na leuco- ni nyeupe. Mtoto akizishika hizo mbili, seli za damu hazitampa shida tena.

Nina tahadhari moja, hata hivyo. Vipande vya neno hueleza waliolitunga walifikiri nini, na walichofikiri chaweza kuwa si kweli. "Malaria" ni maneno mawili ya Kiitaliano yaliyoungana, yenye maana ya hewa mbaya, kwa sababu watu wa zamani waliona ugonjwa huo ukiwakumba wakazi wa mabwawani wakadhani unaletwa na harufu ya matope. Daktari Mwingereza Ronald Ross alionyesha mwaka 1897 kwamba vimelea vyake hukua ndani ya mbu. Kwa hiyo mwanafunzi akigawa neno hilo kwa usahihi kabisa, kisha akajibu katika mtihani kwamba malaria husababishwa na hewa, atakuwa amefaulu lugha na kuanguka Biolojia.

Steshenari_Ujiji aliandika:

Naomba kuongeza upande wa uchapaji, kwa sababu swali la mahali pa kukata neno hutufikia sisi kila siku tunapochapa ripoti na mitihani ya shule. Neno la Kiingereza likifika mwisho wa mstari na halienei, utamaduni wa Marekani hulikata kwa matamshi na utamaduni wa zamani wa Uingereza hulikata kwa asili ya neno. Ndiyo maana utakuta knowl-edge katika kitabu kimoja na know-ledge katika kingine. Mgogoro wenu wa Uyui, mwalimu, ni wa siku nyingi, na pande zote mbili zina mataifa nyuma yake.

Pia watu wasidhani kwamba vidoti vinavyoonekana ndani ya maneno katika kamusi ni alama za silabi. Katika kamusi za Merriam-Webster, kwa mfano, vidoti huonyesha mahali panaporuhusiwa kuweka kistari mwishoni mwa mstari, na kwa kuwa haipendezi kuacha herufi moja peke yake, silabi ya herufi moja mwanzoni mwa neno haitengwi kwa kidoti. Anayetaka silabi halisi atazame maandishi ya matamshi yanayofuata. Na kompyuta zetu hazijui maana ya neno. Nyingi hufuata mbinu iliyowekwa na Franklin Liang wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, mwaka 1983, ya kulinganisha mifuatano ya herufi na orodha ya ruwaza, yaani mipangilio ya herufi iliyokwisha kuandaliwa. Ukisahau kuibadilishia lugha, itakikata Kiswahili chako kwa ruwaza za Kiingereza. Kwa Kiingereza chenyewe, kagua kwa macho, hasa kwenye mtihani wa Jiografia: "legend" ya ramani ikikatwa leg-end, mtoto ataanza mstari unaofuata akiwa ameshasoma mguu.

Mwalimu_Uyui aliandika:

Nawashukuru sana. Mfano wa "anapika" nimekwisha kuutumia leo asubuhi, na mwenzangu wa idara alikuja kusimama mlangoni kusikiliza, kisha akauchukua kwenda nao mkondo wake. Nimebaki na mambo mawili. La kwanza, tukishamaliza maana na kugeukia silabi, wanafunzi wanahesabu herufi za irabu na kukosea, kwa sababu kwao kila irabu wanayoiona ni silabi. La pili, hata wakipata idadi sahihi, mkazo wanauweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho kama tunavyofanya katika Kiswahili. Tena yuko kijana mmoja mtundu aliyeniletea neno la herufi 45 kutoka kwenye simu ya kaka yake, "pneumonoultramicroscopicsilicovolcanoconiosis", akitaka niligawe mbele ya darasa.

Mstaafu_Kasulu alijibu:

La kwanza ni la sikio, si la jicho. Kila mmoja aweke kiganja chini ya kidevu, aseme neno polepole, na ahesabu kidevu kimeshuka mara ngapi. Wape "strengths" yenye herufi tisa, kidevu kitashuka mara moja. Wape "area" yenye herufi nne, kitashuka mara tatu. Baada ya hapo hawatakuamini tena kwamba urefu wa maandishi ni urefu wa sauti. Kisha watajie e ya mwisho isiyosikika katika "make", na mwisho -ed, ambao huongeza silabi pale tu kitenzi kinapoishia kwa sauti t au d: "wanted" ina mbili, "walked" ina moja. Kuhusu "table" na "bottle", wataona silabi ya pili haina irabu ya kusikika, nao watakataa kuihesabu. Waulize "mtu" ina silabi ngapi. Watasema mbili, m-tu. Basi l ya "table" inafanya kazi ileile ya m ya "mtu": konsonanti imejibebea silabi yake.

Mkazo ndio mgumu, na hapa Kiswahili hakitusaidii, maana sisi tuna kanuni moja na wao wana nyingi. Lakini viambishi tamati vinasaidia sana, na hii ni sababu nyingine ya kuanza na maana. Neno linaloishia kwa -tion, -ic au -ity huwekwa mkazo kwenye silabi inayotangulia kiambishi hicho: eduCAtion, scienTIfic, elecTRIcity. Yapo machache yanayokaidi, kama "politics" na "Arabic", lakini kanuni hiyo itawabeba katika vitabu vyao vyote vya kidato cha kwanza. Waonyeshe jinsi mkazo unavyohama neno linapoongezewa mkia: PHOtograph, phoTOgraphy, photoGRAPHic. Irabu iliyopoteza mkazo hufifia mpaka haijulikani ni ipi, na ndiyo maana kuandika kwa kufuata sikio peke yake huwaponza.

Hapo pia watapata jibu la malalamiko yao ya siku zote kuhusu herufi zisizosikika. Herufi g katika "sign" haisikiki, lakini katika "signature" na "signal" inasikika. C katika "muscle" iko kimya, lakini katika "muscular" inatoa sauti. Tahajia imehifadhi undugu wa maneno hata pale matamshi yalipousahau. Si kila herufi ya kimya ina sababu hiyo, nikiri; s ya "island" iliingizwa baadaye na waandishi waliodhani neno hilo ni ndugu wa "isle", kumbe si ndugu.

Mwisho, wafundishe pia kuacha. Hapa kwetu Gombe kuna sokwe mtu, na Kiingereza chao ni "chimpanzee". Lina silabi tatu, chim-pan-zee, lakini kwa maana halikatiki. Ni kipande kimoja kama "sokwe" lenyewe. Mwanafunzi aliyenogewa na kukata ataona pan akaanza kutafuta kikaango. Vivyo hivyo "corner" si mtu anayefanya "corn", na "carpet" haina gari wala mnyama wa kufugwa. Kipimo ni kuuliza kama kila kipande kilichobaki kina maana inayochangia maana ya neno zima, na kama hakina, kisu kirudi mfukoni.

Mkufunzi_Afya_Tabora aliandika:

Neno la kijana wako niachie mimi, mwalimu. Vipande vyake ni pneumono-, mapafu, ultra-, kupita kiasi, microscopic, kinachoonekana kwa hadubini tu, silico-, madini ya silika, volcano, volkano, coni-, vumbi, na -osis, hali ya ugonjwa. Kwa jumla ni ugonjwa wa mapafu unaotokana na kuvuta vumbi laini mno la silika kutoka volkano, na silabi zake ni 19. Mwache aligawe mwenyewe ubaoni, kwa sababu kila kipande atakitumia tena mahali pengine, ila mwambie kwamba lilitungwa mwaka 1935 na Everett Smith, aliyekuwa rais wa chama cha wapenda mafumbo ya maneno cha Marekani, kwa makusudi ya kupata neno refu kuliko yote. Madaktari wanaotibu ugonjwa wa vumbi la silika huandika "silicosis", na kijana akiulizwa kwenye mtihani aandike hilo.